Kamba Iliyofungwa Katika Lango la Kerhoz

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Plouzern
Tarehe: Alhamisi, 13 Julai 2023
Muda wa kuanza: saa nane na robo mchana
Jina: Azenor Kermarrec
Umri: miaka 15
Kazi: mwanafunzi, shule ya lugha mbili, Kibretoni na Kifaransa
Makazi: Porz-Gwenn, pwani
Aliyeongozana naye: mama yake mzazi, Soazig Kermarrec

Ninaomba kurekebisha maelezo niliyotoa hapa Jumapili. Siku ile niliulizwa kama dada wa kampuni ya boti alitufundisha namna ya kushika kamba, nikajibu kwamba sikumbuki. Nakumbuka. Sajini ameniruhusu niandike kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nikiongea mbele ya watu sauti huishia kooni.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Julai, saa nne asubuhi, mimi na babu yangu, Goulven Kermarrec, miaka 71, tulifika kwenye gati la kampuni kuchukua boti ya kulala kwa wiki moja. Likizo hiyo ilikuwa zawadi yangu ya kufaulu mtihani. Boti hizo za kwenye mfereji mkubwa wa kupitishia vyombo hazihitaji leseni. Mwenye kukodi hufundishwa kama saa moja, anaweka sahihi, anapewa kadi ya muda ya kuendesha, anaondoka.

Aliyetufundisha ni dada Maïwenn Riou, ambaye ana miaka kama ishirini na mbili. Babu alikuwa fundi wa injini kwenye meli za uvuvi kwa miaka thelathini na nane, na sisi watu wa pwani huuita mfereji "beseni".

"Binti, utanifundisha mimi kupiga mbizi kwenye beseni?" Babu akamwambia.

"Mzee wangu, beseni hili limeshanilowanishia maprofesa wawili na daktari wa meno," akajibu Maïwenn. "Hebu kaa hapo unisikilize."

Babu alicheka, lakini baada ya kuona mimi nimecheka.

Kisha Babu akafungua mfuniko wa injini na kuomba iwashwe. Mafunzo yote yaliyobaki yalitolewa injini ikiunguruma. Kuhusu kamba za kushikia boti langoni, pale mfereji unaposhuka kama ngazi, Maïwenn alisema hivi, na alisema mara mbili: "Mkiwa mnashushwa langoni, kamba haifungwi. Unaizungusha kigingini mara moja tu, unaishika mkononi, unaiachia kidogo kidogo kadiri maji yanavyotolewa. Ukiifunga, boti itaning'inia." Akatuonyesha kwa kamba ya bluu. Wakati huo Babu alikuwa ameinama, kiganja chake kiko juu ya injini. Ndivyo anavyoisikiliza.

Alipoinuka aliniuliza kwa Kibretoni, lugha yetu ya nyumbani, "Kasema nini huyu?"

Nikamjibu, "Mambo ya kamba, Babu. Unayajua."

Maïwenn hajui Kibretoni. Akauliza, "Mmeelewa yote?" Babu akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, naye akatikisa. Akaweka sahihi, akapewa kadi.

Sasa naandika jambo ambalo sikuulizwa. Babu hasikii vizuri. Mimi ananisikia kwa sababu nikisema naye namtazama usoni. Sauti za wasichana asiowazoea hazimfikii, na injini ikiwaka hamsikii mtu yeyote. Nyumbani sote tunajua na hakuna anayesema. Mama huwaambia wageni kwamba televisheni yetu ni mbovu, haikubali kupunguzwa sauti. Mwaka juzi daktari alimwandikia vifaa vya masikioni. Babu akasema, "Nivae vidude hivyo nitembee kama redio?" Ile karatasi ya daktari iko kwenye droo ya vijiko mpaka leo.

Mama ameomba tusimame kidogo. Tumeendelea saa nane na dakika hamsini.

Jumapili tarehe 9 Julai, saa tano na dakika arobaini asubuhi, tuliingia lango la Kerhoz. Hapo boti hukaa kati ya kuta mbili za mawe, milango inafungwa mbele na nyuma, na maji yakitolewa inashuka karibu mita tatu. Mlinzi wa lango alikuwa bwana Yvon Troadec. Mimi nilishika kamba ya mbele, Babu ya nyuma. Injini tuliiacha ikiwaka.

Nilimwona Babu akifunga kamba yake kwenye kigingi cha ukingoni. Lilikuwa fundo la baharini, zuri, limekaza. Kule alikofanyia kazi, kamba ikilegea mtu anaweza kufa. Nadhani mikono yake ilifunga kabla hajafikiri.

Nilijua si sawa. Tulikuwa tumeachana kama mita tisa. Juu ukingoni kulikuwa na familia ya waendesha baiskeli, watu sita, wanakula biskuti na kututazama. Kumwambia Babu kungetaka nipige kelele, tena mara mbili au tatu, na wale wote wangejua hasikii. Niliona haya. Nilimwonea haya yeye, na nikajionea mimi. Nikajiambia kwamba ataifungua mwenyewe. Nikaitazama kamba yangu.

Bwana Troadec akaanza kutoa maji. Baada ya dakika kama mbili mbele ya boti ilikuwa inashuka na nyuma imebaki juu. Sahani zikaporomoka kabatini. Bwana Troadec akapaza sauti, "Kamba! Mzee, fungua kamba!" Aliita mara tatu. Babu alikuwa amempa mgongo, anainama kuitazama injini, akidhani hitilafu iko huko.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Mmoja wa wale wa baiskeli aliniambia baadaye kwamba nilikuwa naita "Babu" tu, basi.

Bwana Troadec aliyazuia maji, akakimbilia kigingi, akaanza kulifungua fundo kwa mikono. Fundo lilikuwa limebeba nyuma nzima ya boti. Lilipoachia, boti ikaanguka majini na kamba ikambana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Babu alipanda ngazi ya ukutani haraka kuliko mimi. Alivua shati akamfunga mkono. Alikuwa akimwambia, "Ndugu yangu, mbona hukuniita?"

Bwana Troadec akanitazama mimi.

Ninajua Babu aliwaambia ninyi kwamba hakuna aliyemfundisha habari ya kamba. Hakudanganya. Masikioni mwake hakuna aliyemfundisha. Lakini jana jioni tulipata habari kwamba Maïwenn amesimamishwa kazi na anaweza kushtakiwa kwa kutoa kadi bila kufundisha. Alifundisha, na aliyefanya mafunzo yasifike ni mimi. Niliulizwa amesema nini, nikaona uvivu na aibu ya kurudia kwa sauti mbele ya Maïwenn, nikasema "unayajua".

Babu yuko ukumbini sasa hivi. Anadhani nimekuja kusaini karatasi ya Jumapili. Sitaki aitwe mwongo, na sitaki Maïwenn aitwe mzembe, na sikuona njia ya kuwaepusha wote wawili bila kuandika habari ya masikio yake na mdomo wangu. Huenda Babu asiseme nami kwa muda. Nimelifikiria hilo tangu jana, na bado nimekuja.

Niliyoyaona na niliyoyanyamazia ni hayo. Nimeyaandika kwa hiari yangu.

(Sahihi) Azenor Kermarrec
(Sahihi) Soazig Kermarrec, mama mzazi

MAELEZO YA AFISA: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu na mbele ya mama yake. Nimemsomea yote, amekubali kuwa ni sahihi na hakutaka kubadili neno. Tumemaliza saa tisa na nusu alasiri.

Saa tisa na dakika thelathini na tano nilisimama mlangoni nikamwita Bw. Goulven Kermarrec kwa jina, mara mbili. Hakugeuka. Nilizima feni ya ukumbini, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikamweleza kwamba nitayachukua maelezo yake upya, kuanzia asubuhi ya Jumamosi. Alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa ametoka nami. Kisha akanijibu: "Haya. Ila taratibu, kijana. Na unitazame."

(Sahihi) Sajini Tanguy Cadiou