Msifie kwa Kihaya

Goba, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na Mama bado anakugombeza kwa kahawa yako. Mimi sijambo, ila joto la huku linatupika. Nimempa barua kondakta wa basi pale Mbezi Luis, kwa kuwa ulishasema simu ni ya taarifa na barua ndiyo ya mazungumzo.

Mdogo wangu Herieth ameniambia ulisimama kanisani ukatangaza kuwa Kokuberwa ni daktari bingwa wa watoto. Baba, mimi si daktari. Mimi ni mtafiti msaidizi. Kazi yangu ni kwenda Mbagala, kukaa mkekani na kumtikisia mtoto mchanga kichezeo chenye kengele, kisha kukificha chini ya kitambaa nione kama atakitafuta. Naangalia anavyokamata vitu na anavyogeukia sauti. Namuuliza mama yake wanavyoongea na kucheza naye. Kisha narudi kwa mtoto yuleyule baada ya miezi, nione amefika wapi. Tunataka kujua ni malezi gani yanayomkuza mtoto akili tangu akiwa mchanga.

Ugumu uko hapo kwenye kurudi. Mama akinifungia mlango, mtoto huyo nimempoteza. Mwezi wa tano bosi wetu, Gervas, atamchagua mmoja wetu kusimamia kazi ya Temeke nzima. Naitaka nafasi hiyo, Baba. Naitaka sana.

Tafadhali, kanisani usiseme tena udaktari.

Mwanao,
Kokuberwa

Kamachumu
22 Februari 2025

Kwako binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. Goti linasumbua pale tu mama yako anaponituma.

Barua nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kujivunia. Nimekusomesha mpaka chuo kikuu ili ukatikise kengele mkekani? Wazee wenzangu wananiuliza nawajibu nini? Basi nimewaambia unawafundisha madaktari. Usiniharibie.

Na kuhusu milango, hilo ni dogo. Msifie mtoto. Msifie kwa sauti, mbele za watu, mama yake asikie na jirani asikie. Hajazaliwa mama wa kumfungia mlango mtu anayemsifia mwanawe. Mhaya hafichi kizuri, na mimi wewe sijakuficha.

Nimekutumia senene, wale panzi wetu, wa kukaanga. Wagawie na hao akina mama wa Mbagala wajue unatoka wapi.

Baba yako,
Wilbert

Goba
16 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Habari za siku? Poleni na mvua. Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko sawa.

Nilifuata ushauri wako. Kuna mtoto anaitwa Talha, mwana wa Chausiku, mama kijana aliyezaliwa na kukulia hapohapo Mbagala. Nilipoficha kichezeo, Talha alikivuta kitambaa kabla sijaondoa mkono, akacheka. Majirani walikuwa wamejaa kibarazani. Nikasema kwa sauti ya Kamachumu, "Huyu anawapita watoto wote wa mtaa huu. Na alivyonona!"

Baba, majirani wakatazamana. Chausiku alimfunika mwanawe kwa kanga, akaniambia mtoto ana usingizi. Mtoto mwenyewe alikuwa bado anacheka.

Siku ya pili Talha akapata homa. Tangu hapo kila mlango ninaobisha mtaa ule najibiwa "mtoto amelala." Mtaa mzima umelala mchana kweupe. Nilipomweleza mwenzangu Farida, ambaye ni mtoto wa Temeke, alianza kwa kucheka. Kisha akaacha. "Sista, ulisema mashallah?" Sikusema. "Ukamlinganisha na watoto wa watu, tena mbele yao? Huku hatufanyagi hivyo. Mtoto mchanga hasifiwi hovyo, watu wanaogopa jicho baya."

Gervas amesema akina mama wasiponipokea tena hadi mwisho wa Aprili, mtaa huo anauacha na mimi nakaa ofisini kujaza takwimu. Miezi yangu yote ya kazi imeingia maji kwa sentensi mbili. Sikulaumu, Baba, lakini ushauri ulikuwa wako.

Mwanao,
Kokuberwa

Kamachumu
27 Machi 2025

Binti yangu,

Marahaba. Wazima.

Tangu nizaliwe sijasikia sifa inayoleta homa. Lakini huko ni kwenu na mtafiti ni wewe, kwa hiyo sikushauri tena.

Nina swali moja tu. Umeandika habari za Gervas, za Farida na za nafasi yako. Mtoto alipona? Hilo hukuandika.

Baba yako,
Wilbert

Goba
11 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Habari za nyumbani? Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa na la kufanya kabla ya kukujibu.

Barua yako niliifungulia palepale kituoni Mbezi Luis, na nilipofika kwenye swali lako nikaona aibu. Sikuwa najua kama mtoto amepona. Kesho yake nilikwenda Mbagala bila mkoba, bila vichezeo, bila karatasi hata moja. Chausiku alitokeza kichwa mlangoni.

"Leo sijaja kazini," nikamwambia. "Nimekuja kumjulia hali Talha. Na baba yangu Kagera anamuulizia."

"Baba yako anamjua mwanangu?"

"Anamjua kwa barua."

Akanitazama. Kisha akasogea nipite.

Talha alikuwa mzima, anatambaa hadi chini ya kitanda. Ilikuwa malaria, walimpeleka zahanati, akapewa dawa. Nikaomba radhi. Chausiku akasema, "Homa ni mbu, mie najua, sijakataa. Lakini wewe ungeondoka, mie ningebaki na majirani. Maneno ya watu siwezi kuyapeleka zahanati." Basi nikaelewa, Baba. Nilikuwa nimewapima watoto wao hadharani, wa mmoja juu na wa wenzake chini, halafu nikapanda basi nikarudi Goba.

Sasa nabisha hodi nikiwa peke yangu. Natanguliza mashallah. Namwambia mama, kwa sauti ndogo, kile mtoto wake alichofanya leo, na mtoto wa jirani simtaji. Chausiku mwenyewe alinipeleka kwa wenzake, nyumba kwa nyumba, akisema, "Mpokeeni, ameshafunzwa." Mtaa umeamka. Senene nao wameonja. Wawili waliomba tena, mmoja amesema Wahaya tuna roho ngumu.

Wiki iliyopita ndiyo imenifanya nikuandikie. Chausiku alimwonyesha Talha paka dirishani. Mtoto akafuata kidole, akamwona paka, kisha akageuka kumtazama mama yake, kuhakikisha na yeye anaona. Nilisema mashallah, nikaandika, basi. Chausiku akaniingiza chumbani, akafunga mlango.

"Nyie Wahaya si ndio mabingwa wa kujisifu?" akanong'ona. "Haya, msifie mwanangu kwa Kihaya. Mtaa huu hakuna anayekijua. Sema yote."

Nikamsifia, Baba. Nilimsifia kama unavyosifia wewe, na ukoo nikautaja, na mashamba ya migomba ambayo hana. Chausiku hakuelewa hata neno, lakini machozi yalimlenga, na kila nikinyamaza ananiambia, "Endelea." Nami pale nikamwonea wivu Talha. Sifa unazonimwagia nimezisikia kwa Herieth, kwa wazee wenzako, hata kwa padre. Kutoka kwako hadi sikioni mwangu, sikumbuki.

Gervas amenipa Temeke. Mwezi wa saba nitasoma matokeo ya mwanzo mbele ya wakubwa wa kazi na akina mama wenyewe. Nakuomba, usilitangaze kanisani.

Mwanao,
Kokuberwa

Kamachumu
26 Mei 2025

Mwanangu Kokuberwa,

Marahaba. Tu wazima, na tumefurahi kwamba Talha ni mzima.

Jana padre aliuliza nani ana tangazo. Nilisimama. Watu wakakaa vizuri, wananijua. Nikasema, "Kokuberwa hajambo, anawasalimu," nikaketi. Mama yako Anna akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima kama nina homa.

Nilipotoka nikapita dukani kwa mzee Abdulrahman, nikamuuliza lile neno lenu linatumikaje. Akanifundisha, akaniambia linatangulia. Kwa hiyo nalitanguliza. Na kwa kuwa barua hii ni yetu wawili, nimefunga mlango wa chumba.

Mashallah. Mwanangu, si daktari wewe, na sikutaki uwe. Ulikwenda kwa watu mikono mitupu kumjulia hali mtoto wao, na hilo mimi sikukufundisha. Kengele ile uliyoitikisa mkekani ningejua kuitikisa ningekuja kukusaidia. Nakuonea fahari hadi usingizi unapungua. Umenipita, na nimefurahi kupitwa.

Ukitaka niendelee, niandikie "Endelea." Karatasi ninazo.

Baba yako,
Wilbert

Goba
8 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Endelea.

Mwanao