Flashi za Makaburu na Matope ya Laela

Lazaro ndugu yangu,

Barua nimeandika nyingi maishani, hata moja ya Kiingereza kwa msichana wa Ndola ambaye mpaka leo hajajibu, lakini kumwandikia mtu aliye udongoni ndiyo mara ya kwanza. Nivumilie mwandiko. Unajua darasa la tano nililiacha katikati.

Nina wivu na wewe. Naanza na hilo lisije likanikwama mwishoni. Watu wengine wakifa husahaulika, wewe umekufa ndipo ukawa maarufu. Jana jioni mbingu za upande wa Rukwa zikamulika tena, kimya kimya, huku Nanyala nyota ziko wazi, na watoto wakapokezana: radi ya Lazaro hiyo, radi ya Lazaro. Mimi niliyefika Lusaka na Dar es Salaam nimesimama palepale, na hakuna hata kuku aliyepewa jina langu.

Kwani nani alizieleza taa zile kwanza, kijiji kizima kikiwa na hofu? Mimi. Nilisema ni ndege za makaburu zinatupiga picha, kwa sababu nilishapigwa picha studio pale Tunduma, na flashi ni vilevile. Mwenyekiti akaamini, akapiga marufuku taa na moto wa nje jioni. Watu wakala ugali wa baridi gizani, na mimi nikaitwa mtaalamu. Nilifurahi, Lazaro, nisikufiche.

Wewe, ambaye hukuwahi kuvuka Vwawa, ulikuwa unachora mistari ya mkaa kwenye ukuta wa jiko, kila jioni ya mwanga mstari mmoja. Nikirudi na lori kutoka Sumbawanga, mimi nasimulia mambo ya mjini, wewe umeinamia matairi. "Mvua ya Laela ilikukuta siku gani?" Nilikuonea huruma. Nilidhani mibuni imekuchosha akili.

Halafu ukasimama mkutanoni ukasema zile ni radi za mbali, ngurumo zake zinaishia njiani, na asiyeamini amsubiri Obadia, yaani mimi, arudi na lori, aangalie matairi. Habari hiyo ilinikuta Tunduma nakunywa chai. Nami nilikuwa natoka Laela, ambako juzi yake radi ilinipasukia juu ya kichwa na tope likanimeza hadi ekseli. Nilikuwa chini ya taa yenyewe, sikuijua. Wewe uliijua umekaa kwenye kigoda. Wivu ule ulinichoma kama pilipili jichoni. Nikachukua ndoo, nikaliosha lori hadi likawa kama la bwana harusi.

Kijiji chote kilikuwa barabarani kunisubiri. Nikawaambia kule kukavu, vumbi tupu. Wakakucheka. Wewe uliangalia viatu vyangu, ambavyo mjinga mimi sikuviosha, ukaniangalia usoni, ukasema tu, "Pole na safari, Obadia."

Ungenitukana ningelala.

Homa ikakuchukua kabla sijapata uso wa kuja kwako. Siku ya kumaliza matanga nilisimama nikasema yote: ndoo, viatu, flashi za uongo. Mwenyekiti alikasirika, kisha akacheka, na jioni ile moto uliwashwa kila uwanja. Shemeji, mkeo, alinipa chai, akaitia sukari, na unajua sukari ilivyo adimu siku hizi. Ukuta wa jiko hataki upakwe chokaa. Kwa hiyo sifa zako hizi nimekupa kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado zinaniuma. Ndivyo nilivyo.

Pumzika, ndugu yangu. Ahadi yangu ni moja: lori langu halitaoshwa tena Tunduma. Nitalileta na tope lake hadi karibu na kaburi lako kando ya mibuni, nikuambie ilinyesha siku gani. Shemeji amenipa kipande cha mkaa. Mstari nitauchora mimi.

Wako mwenye wivu,
Obadia