Ufa kwenye Ukosi wa Mfalme

Jumamosi, 5 Oktoba 2019
Nimeupata. Miaka sita ya kupekua! Trojak yangu ya Poznań — sarafu ya fedha ya groshi tatu ya Mfalme Zygmunt, ile aliyoniachia baba — ina ufa mwembamba kwenye ukosi wa mfalme. Na ile ya hapa Bydgoszcz niliyonunua juzi ina ufa ule ule, mahali pale pale. Basi muhuri mmoja uligonga zote mbili. Ulihamishwa kutoka kiwanda kimoja cha sarafu cha mfalme hadi kingine, na hakuna aliyewahi kuliandika hilo.
Nikampigia Ksawery. Alikuja na koti juu ya pajama. Akapiga picha, akatazama kwa lenzi mpaka chai ikapoa. "Bi Bogna," akasema, "usimwambie mtu. Watakuibia."
Miaka kumi na moja tunakaa naye meza hii kila Jumamosi, tukikagua sarafu. Nimwambie nani mwingine?

Jumatano, 9 Oktoba
Mafua. Ksawery kaleta supu ya kuku. Kanisihi nisiende mkutano wa chama chetu cha wakusanya sarafu kesho — baridi, na kifua changu. Mtu mwema.

Alhamisi, 10 Oktoba
Homa ilishuka, nikaenda. Skafu mbili. Nilichelewa, taa zimeshazimwa. Ukutani, mkubwa kama mlango — ukosi wa mfalme. Ufa wangu. Picha aliyopiga mezani kwangu.
Na Ksawery mbele: "Nilipougundua ufa huu..."
Nilipougundua.
Aliponiona alisita kidogo, kisha akatabasamu. "Na yule pale ni Bi Bogna, aliyeniazima sarafu moja." Wakanipigia makofi. Nami nikainamisha kichwa kushukuru. Mungu wangu, nilishukuru.

Ijumaa, 11 Oktoba
Simu imelia mara nne. Sijapokea.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kaja saa yake ile ile, na keki ya jibini. Jarida la chama linataka uzito na vipimo — yaani madaftari yangu — na ile ya Poznań ipigwe picha upya.
"Usinikasirikie, dada yangu. Wewe kusimama mbele za watu huwezi, unajijua. Jina lako litakuwemo. Chini ya picha."
Nikasema naenda kuchemsha maji. Naandika hapa jikoni, nimesimama. Maji yamechemka zamani.
Sebuleni mlango wa kabati la sarafu umelia. Ufunguo sikumpa. Anajua unapokaa — nilimwonyesha mwenyewe, mwaka ule nilipolazwa.