Rehema Aombewe kwa Jina Tu

Ubaruku

Mama yangu,

Kamwene mama. Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Nikishika kalamu Rehema analia, akinyamaza nasinzia. Mguu wako umepoa? Vitunguu mmeshang'oa? Huku nguo zote zinanuka pumba za mpunga, na mimi natamani harufu ya huko kwetu Mbuyuni.

Sijapiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, na haya ni yetu wawili. Soma mwenyewe.

Rehema ameanguka tena, pembeni ya mfereji shambani. Baba yake alimuwahi. Daktari wa hapa anataka kumbadilishia dawa, ila kwanza ajue huko walimpa zipi. Nimesikia nesi wa zahanati ya huko alikunyima maelezo ya dawa hizo, ukamwambia, "Mjukuu wangu nimemuogesha mimi, wewe umemjua jana!" Nilicheka peke yangu, halafu nikalia. Usimchukie, mama. Habari za mgonjwa anapewa mwenyewe, na mtoto anasemewa na mzazi wake. Barua ya ruhusa nimeiweka humu, nimeisaini. Mpe mkononi.

Jingine linaniuma. Ile karatasi ya kwanza ya hospitali uliwasomea akina mama wa jumuiya ili wamuombee. Najua ulitaka mema. Lakini juzi jirani yangu alikuja kumchukua mwanawe aliyekuwa anakula na Rehema. Akasema, "Usikasirike, mama Rehema. Dada yangu wa Mbuyuni kanieleza. Naogopa mate yake." Nikamwambia kifafa hakiambukizi. Akaondoka na mtoto vilevile. Rehema akaniuliza, "Mama, mate yangu yana nini?"

Kwa hiyo mama, kuanzia leo waombe kwa jina tu. Ugonjwa Mungu anaujua. Akikua, ataamua mwenyewe amwambie nani.

Msalimie baba, na wifi yangu aliyejifungua. Mjomba dereva akipita na lori lake la vitunguu, mpe hivi aniletee:

maelezo ya dawa kutoka kwa nesi, bahasha aifunge yeye mwenyewe;
kadi ya kliniki ya Rehema, iko kwenye kabati lako;
ile karatasi uliyoisoma jumuiya, na usibaki na nakala;
vitunguu, hata vile vidogo;
na kitenge chako kimoja cha kushindia. Usikifue.

Mwanao,
Agnes