Mzee Anawekewa Umeme Kichwani, Mkono Bado Umelala

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa haraka, na usinijibu kwa maneno ya vitabuni, maana mimi shule niliishia darasa la nne lakini watoto saba nimewalea na hakuna hata mmoja aliyenishinda, kinachonishinda ni mkono wa mume wangu.

Mzee Yesaya alishikwa na kiharusi mwaka jana tukiwa tunapanda maharage, mdomo ukarudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, mkono wa kulia ukabaki umelala mapajani kama mtoto aliyeshiba, basi tukatoka Ileje tukaja kukaa kwa binti yetu Justina hapa Tunduma, na hospitalini wakatuambia kuna tiba wanaifanyia majaribio, wanamvalisha mgonjwa mkanda kichwani wenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, wanapitisha umeme kidogo sana kwa dakika ishirini. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni nikisali, nilijua watamkaanga kama kumbikumbi, lakini alitoka akaniuliza, "Mama Justina, mbona umekunja uso, nimekufa?" Anasema anasikia kama sisimizi wanatembea, basi.

Sasa wiki ya tatu hii, vinacheza vidole viwili tu, na mwezi ujao wakwe wanakuja kumposa mjukuu wangu Jenista, na kwetu wakwe hawapokelewi kwa mdomo mtupu, mzee wa nyumba anakaa anawapigia makofi, polepole, viganja viwili, ndipo wanajua wamepokelewa. Fanueli, mdogo wake mzee, ameshaanza kujipendekeza, "Shemeji usihangaike, makofi nitapiga mimi," na nilimwona Yesaya akigeukia ukuta, mwanaume niliyeishi naye miaka arobaini na sita sijawahi kumwona akigeukia ukuta.

Binti wa mazoezi pale hospitalini, Agnes, katoka chuo juzi tu, ananiambia umeme peke yake hautoshi, eti nimpe mzee achambue maharage kwenye ungo, aanike nguo kwa vibanio, ale mwenyewe kwa mkono huohuo mgonjwa. Nilimwambia anafanya. Hafanyi. Siku moja alijaribu kula akamwaga uji kwenye shati la kanisani, akashika ungo wa maharage, jirani akachungulia akasema, "Bibi, mzee wa kanisa amekuwa mtumishi wako wa ndani?" Tangu siku hiyo namlisha mimi, vifungo namfunga mimi, yeye ananung'unika, "Niachie kijiko, mwanamke," namwambia, "Meza."

Nilimtaka Agnes aongeze umeme, akakataa. Sasa Balthazar, mtoto wa mdogo wangu, fundi simu pale karibu na mpaka, ameangalia picha ya ile mashine akacheka, "Mama mkubwa, hii ni betri na sponji tu, nakutengenezea yenye nguvu, unamwekea asubuhi na jioni." Betri ya pikipiki ameshaileta, iko chini ya kitanda. Nimwekee au nisimwekee? Nampenda huyu mzee, na ukimwambia mtu nimeandika hivyo nitakana.

Bibi yake Jenista, Tunduma

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo bibi. Nimekwisha kukusalimia, sasa nivumilie.

Betri hiyo itoke chini ya kitanda leo, kabla hujakunja gazeti hili. Umeme wa hospitali umepimwa, una kikomo, na kuna mtu amekaa pembeni anamtazama mzee usoni muda wote. Betri ya pikipiki haijui kusema basi. Inaweza kumuunguza ngozi ya kichwa, inaweza kumwangusha kwa degedege. Simu ikiungua mikononi mwa Balthazar, hununuliwa nyingine. Yesaya utamnunua wapi?

Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari mmoja wa viungo. Kasema tiba hiyo bado inachunguzwa. Wengine inawasaidia, wengine haiwagusi, na mkweli hawezi kukuahidi makofi kwa tarehe ya wakwe. Lakini Agnes hakukosea. Wewe ni mkulima bibi, ulishaona mvua ikipanda maharage? Mvua inalainisha udongo, mbegu inatiwa na mkono. Dakika ishirini za sisimizi ndiyo mvua yenu. Halafu mnarudi nyumbani, na mbegu unaila wewe kwa kumshikia kijiko.

Na ule uongo wako, umeuandika kwa neno moja ukaupita mbio, nami nimeuona. Agnes anaandika kwenye daftari lake kwamba mzee anafanya mazoezi na mkono haushiki. Si mumeo peke yake unayemponza, ni kila mgonjwa atakayetibiwa kwa kulitegemea daftari hilo. Kesho nenda, mwambie ukweli. Atakusamehe, na asipokusamehe upesi, utakuwa umestahili.

Najua ulichokuwa unakiogopa. Ulitaka asionekane ameaibika. Ila fikiri tena: mzee alipomwaga uji, aliona haya? Hakujificha wala hakulia, alidai kijiko. Aliyegeukia ukuta ni yule aliyeambiwa kuna mtu atamfanyia. Mpe ungo. Mpe vibanio. Mashati yafueni. Jirani akichungulia, naye mpe ungo wake, maharage hayaishi.

Siku ya wakwe, Fanueli akae kwenye kiti chake anyamaze. Mkono wa kulia ukiwa umeamka, mshukuruni Mungu. Ukiwa haujaamka, mzee auweke mwenyewe juu ya goti, kiganja kikitazama juu, aupige kwa wa kushoto. Sauti itakuwa ndogo, na wakwe wenye adabu watanyamaza waisikie.

Atachelewa kidogo, bibi. Utatamani kumsaidia. Ikalie mikono yako.

Na ile siri ya mwisho sitamwambia mtu. Sidhani kama Yesaya anangoja kuambiwa.