Kuhusu Ile Filta Uliyoniuliza

Arusha, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Zakayo,

Bwana asifiwe. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Mama anaendeleaje na magoti yake? Watoto wazima? Na mvua, zimewakumbuka huko Iramba au bado mnatazama juu tu? Mimi ni mzima wa kula na kutembea. Zaidi ya hapo niombee.

Barua yako imenifikia siku ya tisa baada ya kumzika shemeji yako Rebeka. Najua uliiandika kabla hujapata habari, ndiyo maana umemsalimu na kumtania kwamba asinilishe ndizi mpaka nikasahau ugali wa uwele. Pale nimeparudia mara nne. Usijute hata kidogo. Utani wako ulikuwa mzuri, angecheka.

Umeuliza juu ya ile filta ya hewa niliyofunga kwenye pikapu, kama inafaa na wewe ufunge ya namna hiyo, na kama naweza kukutumia moja kwa basi. Ni swali la gari, lakini siwezi kulijibu bila kukueleza shemeji yako alivyoondoka. Nivumilie.

Nianze na uzuri wake, maana sitaki kuisingizia. Tangu biashara ifunguliwe, maduka ya vipuri hapa mjini yamejaa vitu kutoka Dubai ambavyo zamani hatukuviota. Ile filta haifichwi ndani ya kopo kama zile za karatasi. Inakaa wazi juu ya injini, nyekundu, ya pamba iliyopakwa oili. Muuzaji aliniambia, "Mzee, gari lako limezibwa pua. Hii italifungua." Kweli lilifunguka. Nikitoka Kikwe na matenga ya nyanya, kilima nilichokuwa nakipanda kwa gia namba mbili nikawa nakipanda kwa namba tatu. Tena haitupwi, unaifua, unaikausha, unaipaka oili yake, unairudisha.

Halafu mlio. Ukikanyaga mafuta inanguruma kama dume la ng'ombe lililoona mwenzake. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza mbele za watu, "Baba Upendo, umenunua pikapu au umefuga simba?"

Shemeji yako alipolazwa hospitali ya Nkoaranga, kule kwao mlimani, mlio huo ukawa wake. Kila Jumamosi nikianza kupanda, kabla sijaonekana, ameshanisikia. Anawaambia wenzake wodini, "Haya, jifunikeni vizuri, mume wangu anakuja." Bibi mmoja wa kitanda cha pili, mcheshi kweli, akawa anambishia: "Wewe Rebeka, hilo ni lori la mbao." Naye anamjibu, "Lori lina adabu. Huyo ni wangu." Nikifika namkuta ameketi, kilemba kimefungwa upya. Muuguzi aliniambia siku nyingine hata kuketi haketi.

Basi mimi kwa furaha ile nikawa naifua filta kila Ijumaa. Naifua kwa sabuni kama shati la ibada, ili kesho yake ingurume vizuri. Chupa ndogo ya oili yake iliisha upesi, dukani sikuipata tena, nikawa napaka oili ya injini, tena kidogo tu isichafuke. Hapo ndipo penye hasara, mdogo wangu. Vumbi la Kikwe wakati wa kiangazi ni laini kama unga wa ulezi, likawa linapita moja kwa moja. Moshi wa bluu ukaanza, oili ikawa inapungua, nguvu zikashuka kuliko mwanzo. Alhamisi moja gari likagoma kabisa, likavutwa mpaka kwa Fundi Athumani.

Huyu ni mtu wa Tanga, mcha Mungu, swala haimpiti. Aliifungua injini akanionyesha ringi za pistoni zilivyolika.

"Hii filta unaifua mara ngapi?"

"Kila wiki."

Akajishika kiuno. "Kila wiki! Mzee, umeioa? Pamba hii inakamata vumbi kwa oili yake na kwa uchafu wake yenyewe. Uchafu kidogo ndio mlinzi. Wewe mlinzi umemfukuza kwa sabuni."

Sasa hapa, kama unamsomea mama, paruke.

Jumamosi asubuhi ningeweza kupanda gari la abiria nikawa kwake kabla ya saa tano. Njia ilikuwepo. Lakini fundi alisema, "Saa sita linawaka," nikaketi juu ya tairi nikasubiri. Nilitaka anisikie, Zakayo. Niliona nikitokea kimya kwa miguu atajua gari limekufa, atahangaika. Saa sita ikawa saa nane, gasketi haikupatikana. Saa tisa nikaacha kila kitu nikakimbilia stendi. Kutoka barabara kuu nilipanda kwa miguu kwenye kinjia cha migombani, natweta.

Nilikuta wameshamfunika. Mkono wake ulikuwa bado na joto. Yule bibi wa kitanda cha pili akanivuta pembeni: "Tangu saa nane alitunyamazisha. 'Nyamazeni nimsikie.' Likapita gari, tukamwambia, haya, ndiye huyo. Akasema siye."

Nimeomba sana. Mchungaji ameniambia Mungu hapimi upendo wa mtu kwa saa aliyofika. Namwamini. Lakini nikifumba macho kusali namwona ametega sikio.

Endelea kumsomea mama. Mwambie tumempumzisha kwao, kwenye kahawa za baba yake, kwa sababu wazazi wake waliomba. Asione nimemnyima mkwe wake. Upendo nimemwacha huko kwa bibi yake mpaka shule zifunguliwe.

Jibu lako ni hili: usinunue. Kwa mtu wa lami, anayepata oili yake na asiye na papara ya kufua, ni kitu kizuri, sikatai. Huko kwetu ni vumbi tupu. Weka ya karatasi, ikung'ute kwa upole, ikichoka weka nyingine. Na ile yangu usiniombe. Nimeifunga ndani ya kitenge cha shemeji yako, na vumbi lake. Sitaifua tena.

Msalimie mama, umshike magoti kwa niaba yangu. Msalimie mkeo, na shangazi yetu wa kwaya, mwambie nyimbo zake nazihitaji.

Nilitaka kufunga hapa, lakini nikwambie na la jana. Gari limepona, fundi amelifungia filta ya karatasi. Nikapanda nalo Nkoaranga kumwona Upendo na kupita kaburini. Lilipanda kimya, vizuri tu. Nikaegesha uani, nikashuka, nikafika mpaka mgongoni kwa mama mkwe anachambua kahawa. Alishtuka akageuka.

"Ee, baba, umefika? Mbona sikukusikia?"



Kaka yako akupendaye,
Baba Upendo