Ukuta Ulioligeuzia Ziwa Mgongo

Bwera,
Wilaya ya Kasese,
Uganda.

7 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Jonan,

Leo ni Jumapili. Tumetoka kanisani, nguo nimekwisha kuzianika, na nimejiahidi kwamba sitainuka mezani hapa kabla sijakueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama angependa niyaache.

Kwanza hali yako. Mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umepoa? Mama Docus hajambo? Na watoto je, na hapo Mwanza mvua zimeanza? Sisi huku ni wazima. Babu alikohoa mwezi wa Julai mzima, lakini sasa anazunguka mwenyewe kwenye kahawa yake kule Maliba akimfokea kila anayechuma mbichi. Mama anakwenda sokoni Mpondwe kama kawaida, na maharage mwaka huu yamezaa vizuri.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ulisema Docus hupenda kuzisoma barua zetu na Kikonzo hakijui. Docus, nakusalimu sana.

Sasa habari yenyewe. Mjomba, nimefika kwenye barafu. Mimi Evas, niliyekuwa nalia kuvuka mto Lhubiriha wakati wa mvua!

Kikundi chetu cha jiografia kilipata nafasi sita za kupanda likizo hii na mwalimu wetu, Madam Rusi. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu Babu alikuwepo, akamwambia kwamba kama yeye alipanda huko miaka yote na mizigo ya watu wengine, mimi sitashindwa kupanda na sweta yangu mwenyewe. Mama akaninunulia soksi jozi tatu.

Matope unayajua, sitayaeleza. Siku ya tano asubuhi tulifika ukingoni mwa barafu ya Mlima Stanley. Nilidhani itakuwa nyeupe kama sukari, kumbe pale ukingoni ni ya kijivu, imeshika vumbi, na chini yake maji yanatiririka muda wote kama mtu amesahau kufunga bomba. Nilitaka nikae niitazame tu. Madam Rusi akatuambia tuigeuzie kisogo.

“Barafu mtaiona hata kwenye picha,” alisema. “Nilichowaleta kuona ni hapa mbele yake, mahali ilipokuwa.”

Tulikuwa na kamba ya kupimia ya mita ishirini. Tulishuka kamba moja baada ya nyingine, na kila moja tulisimama tukaandika kilichopo. Mwanzoni hapakuwa na kitu chochote kilicho hai. Ni mwamba mtupu, laini kama sakafu iliyosuguliwa, wenye mikwaruzo mirefu inayoelekea upande mmoja. Barafu ndiyo iliyouchora, ilipokuwa ikiburuta mawe chini ya tumbo lake. Halafu yakaja mawe makubwa na madogo, yamelundikana ovyo kama yamemwagwa na tipa. Kwenye kamba ya sita niliona madoa ya manjano na ya kijani yaliyong'ang'ania jiwe, madogo kuliko ukucha wangu. Yale madoa ni kitu hai! Kwenye kamba ya tisa, ndani ya ufa, palikuwa na kijani laini kama sufi, na chini yake udongo wa kujaza kijiko kimoja. Tulipokezana kuugusa kwa kidole. Baadaye ua moja jeupe, kavu kama karatasi. Mbele zaidi yakawa mengi.

Unaona, Mjomba? Ukitembea kuiacha barafu unapita katikati ya miaka. Panapoigusa pamefunuliwa majuzi tu, na kila unaposhuka ardhi inazidi kuwa na umri. Madam Rusi alinionyesha jiwe moja kubwa akasema kwamba kwa makadirio yake lilitoka chini ya barafu mimi nikiwa darasa la kwanza. Nilisimama juu yake. Nilikuwa nimekanyaga ardhi iliyo mdogo wangu! Nilicheka peke yangu mpaka Kosmasi, kiongozi wetu, akadhani hewa ya juu imenipanda kichwani. Yeye ni mtu wa upande wa Kongo na hajui kukaa kimya.

“Mutoto, na hii kamba yako tutapima mulima mpaka tuzeekee huku,” alinitania. “Chai iko inapoa.”

Kuna ziwa dogo pale katikati, lenye maji ya kijani yaliyochanganyika na unga wa mawe. Ramani yetu ya shule haina ziwa hilo. Tulipita ukingoni mwake, na kwenye kamba ya kumi na saba, mita mia tatu na arobaini kutoka kwenye barafu, nikaona ukuta.

Ni ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, umepinda kama mwezi mchanga, unanifika kifuani. Ndani yake mawe mawili yana masizi. Pale ambapo mtu angekaa pameota ule mti wa kichwa kama kabichi, bado mdogo, unafika gotini. Wenzangu walisema ni mahali pa hema. Kosmasi alisema alipoanza kazi miaka kumi iliyopita aliukuta, na hajui ni wa nani. Mimi nilikumbuka hadithi za Babu: kwamba wageni walipopanda juu ya barafu, ninyi wapagazi mlibaki ukingoni kuwasubiri, na siku moja wewe na yeye mlichoka kupigwa na upepo mkajenga mahali pa kujikinga. Nikapiga picha nyingi.

Wiki iliyopita nilizipeleka Maliba. Babu alivaa miwani, akaitazama simu, akanirudishia. Alisema tumepelekwa mlima mwingine. Pale anapopajua yeye hapana ziwa wala miti. Nilimwonyesha nyingine, akasema hata uniletee mia, mimi ziwa hilo silijui. Nikaona nimemuudhi, nikaenda jikoni kumenya ndizi.

Baada ya muda mrefu akaniita. Aliniuliza jambo moja tu.

“Huo ukuta, mgongo wake umeelekea wapi?”

Nilimwambia umeelekea ziwani, upande wa juu, na uwazi wake uko bondeni. Aliichukua simu tena. Akaniambia kwamba hakuna mtu mwenye akili anayejenga ukuta ili aligeuzie ziwa mgongo, maana ziwa halimpigi mtu. Upepo uliowapiga ulitoka kwenye barafu. Kisha akahesabu kwa kidole yale mawe ya chini, polepole.

“Hili refu aliliweka Jonan,” alisema. “Nilimwambia litaanguka. Halijaanguka.”

Nilidhani atahuzunika, na kweli alihuzunika kidogo, akasema Nzururu, mwenye barafu, amehama bila kuwaaga. Lakini jioni alikuwa anamwita kila anayepita njiani aje aone mti ulioota kitini pake.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Madam Rusi anataka tuwe na alama ambayo kikundi kitapima kutoka kwake kila mwaka. Tulipaka rangi nyekundu kwenye mwamba karibu na barafu, lakini alama hiyo inaanza mwaka huu tu. Ukuta wenu ukijulikana umri wake, tutakuwa tayari na miaka mingi nyuma yetu: tutajua barafu imerudi kiasi gani tangu siku ile, na ziwa na ule mti haviwezi kuwa na umri kuuzidi ukuta. Amesema ukuta ukikubaliwa, mimi niliyeutambua nitapanda kila Agosti kuupima, hata nikishamaliza shule. Usipokubaliwa, nafasi za mwakani zitapigiwa kura upya, na Mama ameshasema kwamba kura haitamtoa mtoto wake nyumbani mara ya pili.

Babu aliutaja mwaka bila kusita. Nilimpelekea Madam Rusi mbio. Akaniambia kwamba kumbukumbu ya mzee mmoja bado ni hadithi, na ya watu wawili ambao hawakuulizana ataipokea kama ushahidi. Ameuandika mwaka wa Babu kwenye karatasi, ameutia ndani ya bahasha na kuigundisha. Ndiyo maana siutaji hapa, na ndiyo maana nakuomba usimpigie Babu simu, wala Mama. Andika kwa mkono wako na utie sahihi. Faruku, dereva wa lori anayekuletea barua hii, atalala Mwanza siku mbili, kisha anarudi Bwera. Mpe jibu mkononi. Bahasha itafunguliwa tarehe 26.

Naogopa kidogo, nakwambia ukweli. Lakini Mjomba, ukiwa umesahau, sema umesahau. Usinisaidie. Sitaki kupanda tena kwa mwaka wa kubahatisha.

Babu anakusalimu, na anasema kiti chake sasa kina mwenyewe. Mama anakusalimu na kukuuliza kama bado unakula chumvi nyingi. Jirani yetu Jalia anamsalimu Mama Docus na kumshukuru kwa kanga. Nami nawasalimu nyote kwa majina, mkubwa na mdogo. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, na mgongo wako autie nguvu.

Ni mimi mpwa wako, ninayekukumbuka kila siku,

Evas

Ukurasa wa nyuma nimeuacha mtupu kwa ajili ya jibu lako. Siku ile mlipojenga ukuta, ulikuwa mwaka gani, na kutoka mgongoni mwake mpaka kwenye barafu zilikuwa hatua ngapi?